Tiba ya mazoezi kwa kizunguzungu cha kipandauso

Tiba hii humsaidia mgonjwa wa kipandauso kusimama, kutembea na kugeuza kichwa bila kupepesuka. Mtaalamu wa fiziotherapia humpima mgonjwa na kumpangia mazoezi, lakini sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, kidogo kidogo, kila siku.

Kipandauso si kuumwa kichwa tu. Wako ambao kinachowalaza ni kisunzi: chumba kinazunguka, sakafu inayumba kama ngalawa. Mwaka 2012 Chama cha Bárány, cha wataalamu wa kizunguzungu, na Shirika la Kimataifa la Maumivu ya Kichwa walikubaliana vigezo vya kuutambua ugonjwa huu: mashambulio yasiyopungua 5, ya dakika 5 hadi saa 72, kwa mtu mwenye kipandauso, na walau nusu yake yaambatane na dalili kama kichwa kugonga upande mmoja au kushindwa kuvumilia mwanga na kelele. Kwa hiyo shambulio laweza kuja na kupita kichwa kisiume, na mgonjwa akahangaika kupimwa malaria na presha bila kupata jibu.

Mwili husimama wima kwa habari zinazotoka machoni, katika sikio la ndani, na katika misuli na viungo. Ubongo wenye kipandauso huzipokea habari hizo kwa ukali uliopita kiasi. Mgonjwa naye, kwa hofu, hukaza shingo, hukwepa soko lenye watu wengi na huacha kupanda basi. Ubongo ukikosa mwendo hausahihishi makosa yake, na kizunguzungu huota mizizi.

Mazoezi yenyewe yana asili Uingereza, miaka ya 1940, ambako Terence Cawthorne na F. S. Cooksey waliwatibu watu walioumia kichwa au sikio la ndani kwa kuwataka wasogee badala ya kulala. Zoezi maarufu ni rahisi: mgonjwa hushika kadi yenye herufi moja, huikazia macho, kisha hutikisa kichwa kushoto na kulia huku herufi ikibaki wazi. Mengine ni kusimama miguu pamoja juu ya mto au godoro, au kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma.

Ugumu uko kwenye kipimo. Zoezi hufanya kazi kwa kuamsha kizunguzungu kidogo ili ubongo ukizoee, lakini kwa mwenye kipandauso, kuzidisha huweza kuleta shambulio zima. Ndiyo sababu huanza akiwa ameketi, kwa sekunde chache. Kizunguzungu kisipotulia ndani ya dakika 20 hivi, zoezi lilikuwa zito mno. Siku ya shambulio hupumzika kabisa.

Dawa za kuzuia kipandauso, kama propranololi na amitriptilini, hazishindani na mazoezi. Mwaka 2000 Susan Whitney na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, waliripoti kuwa wagonjwa wao walipata nafuu kwa fiziotherapia, hasa waliotumia pia dawa za kipandauso. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishwa, lakini unalingana na mantiki ya ugonjwa: ubongo uliotulizwa hufundishika.

Kabla ya kadi na godoro, mtaalamu makini humlaza mgonjwa haraka, kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, na kumtazama macho. Yakichezacheza kwa namna fulani, huenda chembe za sikio la ndani zimehama mahali pake, jambo linalowapata pia wenye kipandauso. Hizo hurudishwa kwa mbinu ya John Epley, mara nyingi kwa kikao kimoja au viwili.