Fumbo lililojificha nyuma ya rangi za majimbo ya Marekani

TWAA ramani ya Marekani yenye majimbo yote 50. Yapake rangi nyekundu majimbo saba pekee: Illinois, Indiana, Ohio, Kentucky, West Virginia, Virginia na North Carolina. Yaliyosalia yaache meupe. Kisha mwulize mwenzako: majimbo haya yanashiriki nini?

Mchezo huu umewateka mashabiki wengi wa jiografia. Anayetegwa hapewi ufunguo wa ramani wala kichwa chake; ana rangi tu. Ni kitendawili kama vile tulivyotegewa na nyanya zetu jioni, ila hapa mji anaoutoa aliyeshindwa huenda ukawa Chicago.

Wengi hukimbilia siasa. Wengine, wakiona kwamba majimbo hayo yameshikana, hutaja makaa ya mawe au Mto Ohio. Aliyesoma historia atakumbuka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865, lakini naye atakwama. Virginia na North Carolina yalijitenga na muungano. Illinois, Indiana na Ohio yakabaki. Nayo West Virginia ikazaliwa mwaka wa 1863 kwa kujitenga na waliojitenga. Jibu ni ndege. Majimbo hayo saba yote yamemteua kadinali, ndege mdogo ambaye dume lake ni jekundu kama joho la makadinali wa Kanisa Katoliki, kuwa nembo yao rasmi.

Mteguaji stadi huanza kwa kutazama iwapo majimbo yaliyopakwa rangi yameshikana au yametawanyika. Yakishikana, aghalabu yameunganishwa na kitu kisichojali mipaka, kama vile hali ya hewa, mto, vita au makazi ya ndege. Majimbo 11 yaliyoasi wakati wa vita hivyo, kutoka Virginia hadi Texas, ni kundi moja lisilokatika. Yakitawanyika, shuku sheria, kwa kuwa kila jimbo lina bunge lake na hujitungia sheria zake. Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon hayapakani hata moja kwa lingine, ila yote hayatozi ushuru wa mauzo katika ngazi ya jimbo.

Kuna pia hila za herufi, ambazo binafsi sizipendi. Majimbo manane huanza kwa herufi M, na 21 huishia kwa herufi A. Anayetafuta sababu ya mvua au dini katika ramani kama hizo atakesha.

Ramani inayojulikana zaidi ni ile ya uchaguzi wa urais: nyekundu kwa chama cha Republican, samawati kwa Democrat. Wasomaji wengi hudhani mpangilio huo ni wa jadi. La hasha. Katika uchaguzi wa 1976, runinga ya NBC iliyapa rangi nyekundu majimbo aliyoshinda Jimmy Carter wa Democrat, na mwaka wa 1980 ushindi wa Ronald Reagan wa Republican ukaonekana kama bahari ya samawati. Desturi ya sasa ilikita mizizi mwaka wa 2000, George W. Bush na Al Gore walipozozania kura za Florida kwa wiki tano hivi, na ramani hiyo ikabaki machoni pa watu muda wote huo. Bush alitangazwa mshindi wa Florida kwa kura 537. Nchini Uingereza mambo ni kinyume: nyekundu ni ya Labour na samawati ni ya Conservative.

Katika chumba kimoja cha habari nilichofanyia kazi, tuliwahi kuandaa ramani ya namna hiyo kwa rangi hizo mbili, kisha ukurasa ukachapishwa kwa wino mweusi pekee. Nyekundu na samawati zote zikageuka kijivu. Marekani nzima ikawa ya chama kimoja, na simu za wasomaji hazikukoma siku hiyo.

Hata ikichapishwa vyema, ramani hiyo hupima ardhi ilhali wanaopiga kura ni watu. Montana ina ukubwa wa takriban kilomita 380,000 mraba, na hesabu ya watu ya 2020 ilipata wakazi 1,084,225. New Jersey, ambayo haifikii hata sehemu moja ya kumi ya ukubwa huo, ilikuwa na zaidi ya milioni tisa. Jicho huipa Montana uzito isiokuwa nao. Isitoshe, rangi moja kwa jimbo zima huficha yaliyomo ndani. Mwaka wa 2008 Barack Obama, ambaye babake alizaliwa Kenya, alishindwa katika jimbo la Nebraska lakini akatwaa kura moja ya wajumbe kutoka eneo la Omaha, kwani Nebraska na Maine hugawa kura hizo kwa maeneo.

Fumbo linalostahili kuchunguzwa zaidi hujitokeza majimbo yakigawanywa kwa kaunti. Katika ramani ya kura za Alabama na Mississippi, mkanda wa samawati hukatiza katikati ya wekundu kama upinde. Si mto, wala si barabara kuu. Ni ufuo wa bahari iliyokauka zamani za dinosaria, zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Viumbe wadogo wa bahari hiyo walipokufa waliacha chokaa, na chokaa ikazaa udongo mweusi wenye rutuba. Katika karne ya 19 wakulima wakubwa walipanda pamba hapo na kuwaleta watumwa Weusi kwa maelfu. Utumwa ulikomeshwa mwaka wa 1865, lakini vizazi vya watumwa hao vingi vilibaki. Mji wa Selma, ambako waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura walipigwa na polisi mwezi Machi 1965, umo katika mkanda huo. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilipitishwa mwaka huohuo, na wengi wa wakazi hao huunga mkono Democrat.

Lakini si kila rangi ina siri. Mtakwimu Howard Wainer ameeleza kisa cha ramani ya saratani ya figo. Kaunti zenye viwango vya chini kabisa ni za mashambani, zenye watu wachache. Msomaji hufikiria mara moja hewa safi na chakula kisicho na kemikali. Ila kaunti zenye viwango vya juu kabisa nazo ni za mashambani, zenye watu wachache, na mara nyingine hupakana na zile za kwanza. Kaunti ya watu 1,000 ikipata mgonjwa mmoja, kiwango chake ni 100 kwa kila watu 100,000. Isipopata, ni sufuri. Afisa wa afya atakayetumwa huko kupima maji ya visima kwa sababu ya rangi hiyo hatapata chochote, na mwaka ujao rangi itakuwa imehamia kaunti jirani.