Deni la Nyumba ya Ibada

Tarehe 15 Februari 1742 Wamethodisti wa Bristol, Uingereza, walikutana na John Wesley kwa habari ya deni la nyumba yao ya ibada. Kapteni Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma. Wakamjibu kwamba wengi ni maskini, hawana. Naye akasema, basi nipeni maskini kumi na mmoja. Asiyeweza nitamlipia mimi.

Wakagawanywa kumi na wawili kumi na wawili, na viongozi wakapita nyumba kwa nyumba kukusanya. Lakini huko walikuta mengi kuliko peni: huyu agombana na mkewe, yule amerudia ulevi, na kanisani hakuna aliyejua. (Sisi nasi twahesabu sadaka kila Jumapili, je, twajua ni nani aliyelala na njaa?) Wesley akaona hiyo ndiyo njia ya kuchunga kundi aliyoihitaji.

Baadaye wakaacha kuzunguka, wakakutana pamoja kila juma, wakaungama na kuombeana. Maana wengine walikuwa watumishi, na mabwana zao hawakukubali wageni mlangoni.