Povu la Maji Baridi

Baba alikuwa kinyozi wa barazani. Hakuwa na duka wala kioo cha ukutani. Alikuwa na kiti kimoja cha mbao chini ya mkungu, Mji wa Kale, Mombasa, na sanduku la bati lenye wembe wa kukunja, mkanda wa kunolea, kipande cha shabu, brashi na bakuli la sabuni. Jiko hakuwa nalo. Mteja aliyezoea vinyozi wa Nairobi akiuliza, "Ami, maji ya moto yako wapi?" alijibiwa, "Ya moto ni ya chai, mwanangu. Keti."

Kwa miaka mingi niliona huo ni umaskini uliovishwa kanzu. Leo sioni hivyo tena, na kilichonigeuza ni kosa langu mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kumtekea maji. Kisima kilikuwa jirani tu. Birika la maji ya mvua lilikuwa nyumbani kwa shangazi, vichochoro vitatu mbele. Siku moja nikashikwa na uvivu, nikateka kisimani. Baba akazungusha brashi, akazungusha tena. Badala ya povu yakaja mabonge meupe, kama maziwa yaliyokatika, na mteja ameinua kidevu anangoja. Baba hakunipiga wala hakusema neno. Alimwaga maji, akanirudishia ndoo.

Kisiwa cha Mombasa ni jiwe la matumbawe. Maji yanayopenya humo hubeba chokaa, na karibu na bahari huongezewa chumvi. Chokaa hiyo huidaka sabuni kabla haijapata kutoa povu, ikafanya utando usioyeyuka. Kuyachemsha kunapunguza sehemu tu ya chokaa, na chumvi hakuiondoi hata chembe. Ndiyo maana mji huu tangu zamani ulithamini maji ya mvua. Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593 hawakuridhika na kisima. Ngome ina birika kubwa la kukingia mvua. Bomba la maji ya chemchemi za Mzima, umbali wa zaidi ya kilomita 200, lilitufikia miaka ya 1950 tu.

Basi swali la kwanza la kinyozi wa pwani halikuwa maji ni moto au baridi. Lilikuwa maji yametoka wapi.

La pili ni sabuni imetokana na mafuta gani. Aliyelifumbua hilo ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1823 akaonyesha kwamba ndani ya mafuta mna asidi za namna mbalimbali. (Aliishi miaka 102. Sijui alinyoa kwa sabuni gani, ila ningependa kumwuliza.) Asidi nyingi ya shahamu ya ng'ombe ni ya aina ngumu: povu lake linakuja polepole, lakini ni zito na halivunjiki upesi. Kwa povu, sabuni ya mafuta ya nazi ni kinyume. Hutoa povu papo hapo, katika maji baridi na hata katika maji ya bahari, na ndiyo sababu mabaharia walikuwa na sabuni yao maalumu iliyopikwa kwa mafuta ya mbata. Lakini povu hilo lina mapovu makubwa, hupotea upesi, nalo hukausha ngozi.

Sabuni ya kunyolea ni ndoa ya hizo mbili, na mshenga wao ni potasi. Sabuni ya magadi hugeuka mche mgumu wa kufulia. Ya potasi hubaki laini, na kwa kuwa ni laini huyeyuka bila kuombwa moto.

Sasa mkono wa Baba. Kabla ya yote alimlowesha mteja ndevu, akamwacha hivyo huku yeye akinoa wembe mkandani. Unywele hulainika kwa kunywa maji. Maji ya moto huharakisha tu, na Baba hakuwa na haraka. Brashi aliiloweka, akaikung'uta mpaka ikabaki na unyevu tu, kisha akaisugua juu ya sabuni muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa. Mwanzo sabuni nyingi, maji machache. Povu alilijenga usoni, si bakulini, akiongeza maji kwa ncha za brashi, tone kwa tone, mpaka ling'ae kama mtindi mzito. Mwanafunzi akitia maji mengi mwanzoni anapata mapovu ya kufulia, na hapo hana budi kuanza upya.

Brashi yenyewe ilikuwa na kisa. Nyingi za bei nafuu zilikuwa za nywele za nguruwe, nazo Baba hakuzigusa. Alitaka singa za farasi, akamhoji muuzaji kama kadhi. Hakujua kwamba singa hizo ziliwahi kuua. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia brashi za singa zisizosafishwa vizuri ziliwaambukiza watu kimeta, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku zile zilizotoka Japani. Na vita hivyo hivyo viliwafanya askari wengi wanyoe kwa maji baridi: mahandakini askari alipaswa kuwa na kidevu safi, na maji ya moto yalikuwa machache hata ya chai. Marekani iliwagawia askari wake wembe wa Gillette kwa mamilioni, chombo ambacho mwaka 1903 viliuzwa 51 tu.

Ukimwi ndio uliofunga sanduku la Baba. Miaka ya 1980 ilipokuwa inaisha, hakuna aliyetaka wembe uliopita kwenye shingo ya mwingine, na sawa kabisa. Vijana wakaja na mashine za umeme, hazitaki povu wala maji.

Brashi ninayo mimi. Mfereji wa nyumbani hukauka siku nyingi kuliko unavyotoka, kwa hiyo hununua maji ya mitungi kwa kijana wa mkokoteni. Kila mtungi anaapa ni ya bomba. Mimi hutoa kipande cha sabuni mfukoni, nikamwomba animwagie kidogo kiganjani, nikasugua. Povu likikatika, namrudishia mtungi wake. Amenizoea, siku hizi akiniona mlangoni huteremsha ule wa nyuma bila kuambiwa.