Walifuta faili, wakasahau kufuta risiti

Najua wengine wenu mnasubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Leo naomba tuiweke kando, kwa sababu kuna jambo limenikaa kichwani tangu Krismasi na sitaweza kuandika kuhusu majedwali na faharasa kabla sijalitoa.

Krismasi nilikuwa nyumbani Mukurweini. Stima ilikuwa imepotea, kama kawaida mvua ikinyesha, na laptopu yangu ilikuwa imebaki na moto kidogo tu. Cucu alikuwa ameketi karibu na jiko akinitazama nikiandika. Cucu wangu ana miaka zaidi ya themanini na tano, na hajawahi kuelewa vizuri mimi hulipwa kwa nini hasa. Nilipomwambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuandika programu za kutafuta vitu ndani ya kompyuta, alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa Kikuyu: "Basi nitafutie kaka yangu."

Kaka yake mkubwa alichukuliwa mwaka 1954 akapelekwa kizuizini. Hakurudi. Hakuna barua iliyokuja wala ofisa aliyefika kueleza, na hakuna kaburi. Cucu alikuwa msichana tu wakati huo. Kwa miaka sabini jina hilo limetajwa nyumbani kwetu wakati wa maombi, kisha watu wanaendelea na chai.

Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyesomea kompyuta chuo kikuu, nikasema, "Cucu, nipe miezi miwili."

Wacha niwaeleze jinsi mtu wa programu anavyofikiri. Kabla ya kutafuta rekodi, unajiuliza: je, rekodi iliwahi kuwepo? Iliandikwa na nani? Nakala ngapi? Iliwekwa wapi? Basi nilianza hapo.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na ikaisha Januari 1960. Serikali ya kikoloni yenyewe ilikubali kwamba iliwaweka kizuizini watu wapatao 80,000. Wanahistoria wengine wanasema walikuwa wengi zaidi ya hapo. Tena watu hao hawakutupwa tu kambini. Walipangwa kwa rangi: weupe ni wale waliodhaniwa kuwa salama, wa kijivu walikuwa katikati, na weusi ni wale waliokataa katakata kuikana Mau Mau. Mtu alihamishwa kutoka kambi hadi kambi kulingana na rangi yake. Wenzangu mnaoandika programu mnauona huo mfumo wazi: kila mtu ana namba, ana hali yake, na hali ikibadilika mtu anasogezwa. Mfumo kama huo hauendeshwi kwa kichwa. Unaendeshwa kwa karatasi.

Mwanahistoria Caroline Elkins, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu kambi hizo, alipiga hesabu ambayo mimi naiona ni ya kiprogramu kabisa. Idara tatu tofauti zilikuwa zikiweka faili ya kila mfungwa. Zidisha 80,000 kwa tatu, unapata faili 240,000. Alipozitafuta katika makavazi, alipata mia chache tu.

Hebu fikiria umeachiwa hifadhidata yenye safu 240,000 ukakuta zimebaki mia chache. Je, utasema ni panya? Mimi ningesema kuna mtu alipitisha amri ya kufuta.

Na kweli ilipitishwa. Mwaka 1961, Iain Macleod, waziri wa makoloni wa Uingereza, alitoa maagizo kwamba serikali mpya za Kiafrika zisiachiwe karatasi zozote zinazoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, polisi, wanajeshi, watumishi wa umma au wale waliokuwa wakitoa habari za siri. Faili zikagawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza liliitwa "Legacy", yaani urithi. Hizo ni faili safi, na ndizo tulizorithi sisi. La pili liliitwa "Watch", nazo ziligongwa muhuri wa herufi W. Faili za W ziliruhusiwa kushikwa na ofisa mwenye asili ya Ulaya peke yake. Hatima yake ilikuwa moja kati ya mbili: kusafirishwa London au kuharibiwa.

Sasa angalieni walivyokuwa makini. Karatasi zikichomwa, majivu nayo yalitakiwa kupondwapondwa. Zikitupwa baharini, ziwekwe ndani ya makasha yenye uzito, mahali penye kina kirefu na pasipo na mkondo. Na kama faili ya W ilitolewa katikati ya faili safi, walitakiwa kuunda faili bandia na kuiweka pale ilipokuwa, ili pengo lisionekane. Nilipolisoma hilo nilisimama nikazunguka chumba. Hao jamaa hawakuwa wanafuta tu. Walikuwa wanarekebisha namba ili mtu akihesabu baadaye aone zote zipo.

Lakini kosa lao ni lile lile tunalolijua sisi. Urasimu hauwezi kufuta bila kuandika kwamba umefuta. Maagizo yenyewe ya kuchoma yaliandikwa. Ofisa aliyechoma alitakiwa kutoa hati ya kuthibitisha. Karatasi hizo za kuthibitisha, pamoja na faili zilizosafirishwa, zikaenda Uingereza na kukaa. Yaani walifuta faili, wakasahau kufuta risiti.

Kenya iliomba karatasi hizo mwaka 1967 na ikakataliwa. Iliendelea kuuliza miaka iliyofuata, bila kufanikiwa.

Kisha, mwaka 2009, wazee watano wa Kenya waliishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London kwa mateso waliyopata kizuizini. Kesi ndiyo iliyolazimisha milango ifunguke. Mwanzoni mwa 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na faili hizo katika jengo lake la Hanslope Park. Zilikuwa faili kama 8,800 kutoka makoloni 37. Za Kenya peke yake zilikuwa kama 1,500, ndani ya masanduku 300. Kwa karibu nusu karne zilikaa mikononi mwa serikali hiyo, na hazikuwemo katika katalogi yoyote ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifungua. Kati ya mwaka 2012 na 2013 zilihamishiwa kwenye makavazi ya taifa ya Uingereza, ambako zimewekwa chini ya namba FCO 141.

Mle ndani mna ripoti, telegramu na barua. Miongoni mwa karatasi zilizotumika katika kesi ni barua ya Juni 1957 kutoka kwa Eric Griffith-Jones, mwanasheria mkuu wa koloni, kwenda kwa gavana Evelyn Baring. Anaeleza namna ya kuwapiga wafungwa kisha anashauri kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Mtu aliyetaka kimya aliandika hivyo kwa mkono wa ofisi, na karatasi ikahifadhiwa.

Mnaweza kuuliza, karatasi za zamani zinamsaidia nani leo? Jibu lipo katika hukumu mbili za mahakama hiyo hiyo ya London.

Oktoba 2012 serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba miaka mingi mno imepita na kesi haiwezi kusikizwa kwa haki. Jaji McCombe alikataa hoja hiyo. Sababu yake moja kubwa ni kwamba karatasi zilikuwepo, nyingi, zilizotunzwa kwa uangalifu na serikali yenyewe. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa watu 5,228. Mnara wa ukumbusho ukafunguliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015.

Baadaye ikaja kesi nyingine kubwa zaidi, ya watu zaidi ya 40,000. Mwaka 2018 ilitupwa nje. Jaji aliona muda uliopita ni mrefu mno kwa kesi hizo kusikizwa kwa haki. Koloni ni lile lile na miaka ni ile ile, lakini mara ya kwanza karatasi zilizuia muda usiwashinde wazee, na mara ya pili muda ukashinda. Kila faili iliyochomwa inamfaa yule anayesema muda umepita.

Turudi kwa Cucu. Nilichukua siku za likizo nikaenda Makavazi ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Wengi wetu hupita pale kila siku tukienda kutafuta matatu. Ndani mna kumbukumbu nyingi kuliko nilivyodhani: ripoti za kila mwaka za wilaya ya Nyeri, taarifa ambazo DC mmoja alimwachia mwenzake, mambo ya mashamba, mambo ya shule. Tena ripoti nyingi za namna hiyo zilipigwa picha za filamu ndogo miaka ya zamani na nakala zikauzwa kwa chuo kikuu cha Syracuse, Marekani. Kwa hiyo mwanafunzi wa huko anaweza kusoma habari za Nyeri bila kuja Nyeri. Kwa mtu wa programu hiyo si habari mbaya. Nakala ya pili, ng'ambo ya bahari, ni bima.

Kilichonigusa zaidi ni malalamiko ya wafungwa. Wafungwa waliandika barua nyingi kwa maofisa, wakieleza kipigo, njaa na kazi ngumu, baadhi kwenye vipande vya karatasi vilivyotolewa kambini kwa siri. Mtu hana viatu na hajui kama ataishi, lakini anatafuta karatasi na kalamu. Pale kwetu Nyeri kuna mfano maarufu, Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa Karatina. Alikamatwa mwaka 1952 na akakaa kizuizini hadi karibu mwisho wa Hali ya Hatari, hata kisiwani Manda kule Lamu. Aliandika shajara kwa siri na akaitunza. Kitabu alichokitoa kutokana nayo mwaka 1983 kilipata Tuzo ya Noma mwaka 1984. Serikali ilikuwa na faili yake, na yeye alikuwa na faili ya serikali.

Jina la kaka ya Cucu sikulipata. Nilitafuta kwa tahajia nne, maana makarani wa Kizungu waliandika majina yetu jinsi walivyoyasikia. Miezi miwili iliisha.

Nilirudi Mukurweini kumwambia. Nilijiandaa kwa machozi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo waliandika, kisha wakachoma." Nikasema ndiyo. Akaomba daftari.

Akaanza kuchora gichagi. Kwa wasiojua, kati ya 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati waliondolewa kwenye boma zao na kufungiwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na mitaro na walinzi. Gichagi ndilo jina lake kwetu. Cucu alichora mtaro, mlango mmoja, mnara wa mlinzi, mistari ya nyumba, na alama pale ilipokuwa nyumba ya mama yake. Kisha nje ya mlango akaweka msalaba mdogo: hapo ndipo alipomwona kaka yake akipandishwa lori.

Mchoro huo si upuuzi. Kuna vijana wa Kenya na Uingereza, Museum of British Colonialism pamoja na African Digital Heritage ya Chao Tayiana, ambaye naye amesomea kompyuta, ambao tangu 2018 wamekuwa wakijenga upya kambi hizo ndani ya kompyuta kwa vipimo vitatu. Walianza na kambi za Nyeri zikiwemo Aguthi na Mweru, ambazo leo ni shule. Walitumia mabaki ya majengo na maelezo ya wazee walioishi humo. Mzee akikumbuka mlango ulikuwa upande gani, hiyo ni data.

Basi nimeukuani mchoro, nimeupa jina lenye tarehe na mahali, na nimeandika kando yake faili fupi ya maandishi ya kawaida: jina lake kamili kama Cucu anavyolitamka, jina la baba yake, mwaka, rangi ya koti alilokuwa amevaa. Nakala ziko tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski iliyo Mukurweini, moja kwenye seva mbali na hapa.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyeyaona hayo, au bahasha ya zamani chini ya kitanda, usingoje Krismasi ijayo. Piga picha pande zote mbili za kila karatasi, hata upande usio na kitu. Andika nani alikupa na lini. Usitumie jina kama "picha1". Weka nakala tatu, na moja isikae nyumba moja na nyingine.

Sehemu ya pili ya hifadhidata ni wiki ijayo, nikijaliwa. Cucu anawasalimu.