Subaru Impreza WRX (Kisumu)

Impreza WRX ni gari dogo la mwendo kasi la kampuni ya Subaru ya Japani. Lilitolewa mara ya kwanza mwaka 1992, likiwa na injini ya turbo na nguvu inayofika kwenye magurudumu yote manne. Nchini Kenya lilijipatia heshima kupitia mashindano ya magari ya Safari Rally, kisha likaingia mikononi mwa raia kama gari la mtumba. Makala hii inahusu umiliki na ugeuzaji wake jijini Kisumu, hasa upande wa Manyatta na Kondele.

Chimbuko katika Safari Rally

Umaarufu wa Subaru nchini Kenya hauwezi kutenganishwa na dereva Mkenya Patrick Njiru. Mwaka 1990 alimaliza Safari katika nafasi ya nane akiendesha Legacy, la kwanza kati ya magari ya Kundi N, yaani yale yanayokaribiana na ya dukani, kumaliza mashindano hayo magumu. Mwaka 1993 alirudi na Vivio, kigari cha injini isiyofika sentimita za ujazo 700, akamaliza wa 12. Mskoti Colin McRae, aliyekuwa katika Vivio nyingine, hakumaliza. Mwaka 1994 Njiru alishika nafasi ya nne akiwa na Impreza WRX, matokeo yaliyowathibitishia Wakenya kwamba gari hilo linaweza kustahimili mawe, matope na vumbi la nchi yao.

Ushindi kamili ulikuja mwaka 1997, McRae aliposhinda Safari kwa Impreza WRC. Mwaka huo Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji kwa mara ya tatu mfululizo. Mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns alishinda tena kwa Impreza, na mwenzake Juha Kankkunen wa Finland akawa wa pili. Magari hayo ya buluu na manjano yalifungwa bomba la kuvutia hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele, ili injini isimeze maji wakati wa kuvuka mito. Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na Subaru ikajitoa mwishoni mwa 2008. Safari iliporejeshwa mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha, Impreza ilikuwa imebaki kwa madereva wa nyumbani tu.

Uagizaji

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane tangu mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo, toleo ambalo wapenzi wake huliita Hawkeye, lililoundwa hadi 2007, lilifungiwa mlango katikati ya miaka ya 2010. Matoleo ya kabla yake, pamoja na GC8 la miaka ya 1990, yalitangulia kufungiwa. Magari hayo yaliyomo nchini hayaongezeki. Hubadilisha wenyewe tu. Vipuri hutafutwa Nairobi, hasa Grogan na Barabara ya Kirinyaga, ambako injini na giaboksi kutoka Japani huuzwa zikiwa zimetumika.

Impreza nyingi barabarani si WRX halisi. Ni za lita 1.5 zisizo na turbo, zilizovalishwa boneti yenye tundu na bawa la nyuma.

Ufundi na ugeuzaji

Injini ya WRX, EJ20, ina lita 2.0 na silinda nne zilizolala chali, mbili kila upande. Mpangilio huo huteremsha uzito karibu na ardhi na kulifanya gari litulie kwenye kona, lakini humtesa fundi. Plagi zimetazama pembeni, karibu kabisa na chuma cha bodi. Kuzifikia, fundi huondoa betri upande mmoja na sanduku la chujio la hewa upande wa pili, kisha hupenyeza mkono akifungua kwa kupapasa. Bei ya fundi wa Subaru hupanda kwa sababu hiyo, na mwenye gari hufanya vyema kuilipa.

Badiliko la kwanza kwa vijana wengi ni ekzosi. Mngurumo wa kukatakata unaojulikana mtaani kote hutokana na mabomba ya kutolea moshi yasiyolingana urefu, yanayoifikisha mipigo ya silinda kwenye turbo kwa kupishana. STI, yaani toleo kali zaidi la WRX, nyingi za soko la Japani za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina mabomba yanayolingana, na sauti yake ni laini zaidi. Baadhi ya wenye magari huyabadilisha ili kuipata sauti ya zamani, ingawa turbo huchelewa zaidi kuamka.

Hatua ya pili ni kuongeza presha ya turbo na kupanga upya kompyuta ya injini. Hapa ndipo injini nyingi hufia. Mipangilio ya Japani ilitayarishwa kwa petroli ya oktani 100, ilhali super ya kawaida ya Kenya iko chini ya hapo. Presha ikizidi, mafuta huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na pistoni au beringi za konrodi huharibika. Hali ya hewa ya Kisumu huongeza mzigo. Jiji liko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo turbo hufanya kazi zaidi kufidia uhafifu wa hewa. Kipozahewa cha turbo nacho kimekaa juu ya injini, ambako hupata moto haraka kwenye foleni ya Kondele saa za mchana. Fundi makini huongeza ubora wa mafuta na upoaji kabla ya kugusa presha.

Makosa mawili huonekana mara kwa mara. La kwanza ni kuchelewa kubadilisha mkanda wa taimingi. Ukikatika, vali hugongana na pistoni na injini huisha papo hapo. La pili ni kuchanganya matairi ya mitumba yasiyolingana mzunguko. Difrensha ya kati hulazimika kufanya kazi muda wote, hata gari likienda moja kwa moja, mpaka iungue.

Mashindano

Kisumu haina uwanja wa kudumu wa mbio za magari. Anayetaka kushindana husafiri hadi mashindano yaliyoidhinishwa na shirikisho la mchezo huo nchini. Wengine hujaribu nguvu kwenye mwinuko wa barabara ya Kakamega baada ya Mamboleo, jambo lililo hatari na kinyume cha sheria.

Sheria

Mwendo wa juu ni kilomita 50 kwa saa mijini, na hauruhusiwi kuzidi 110 hata kwenye barabara kuu. Kubadilisha injini au rangi lazima kuingizwe kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Kelele za kupindukia zinadhibitiwa na kanuni za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira.

Hali ya sasa

Subaru ilisitisha uundaji wa WRX STI mwaka 2021, na WRX zilizosalia Kisumu hutegemea mafundi wa jua kali. Manyatta ni mtaa wa watoto wa shule, tuktuk na bodaboda, ambako dereva hulazimika kusimama ghafla, lakini kinachopungua katika magari mengi yaliyogeuzwa ni uwezo huo wa kusimama. Anayenunua WRX leo aanze na breki, matairi, mkanda wa taimingi na oili. Ekzosi na presha ya turbo zije mwisho.