Uhamiaji na haki za uraia Lamu

Kaunti ya Lamu, Kenya, inajumuisha visiwa vya Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu pamoja na bara inayovikabili. Siasa zake zimejengwa juu ya kuhama na kuhamishwa, na si ajabu kuona aliyekuja juzi akiwa na karatasi kamili kuliko aliyezaliwa hapo.

Vita vya Shifta (1963–1967), uasi wa waliotaka kuliunganisha eneo la kaskazini-mashariki na Somalia, viliwaondoa Wabajuni wengi, Waswahili wa pwani hii, katika vijiji vyao vya bara. Walikimbilia Pate, Amu, Malindi na Mombasa, na wengi hawakurudi. Ardhi waliyoiacha haikuwa na hati. Baada ya uhuru sehemu kubwa yake ilihesabiwa kuwa ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Jomo Kenyatta ilianzisha mradi wa makazi huko Mpeketoni, ambako familia zisizo na ardhi, nyingi za Kikuyu, ziligawiwa mashamba ya ekari 10. Kisheria walowezi hawa si wageni: Katiba humruhusu raia kuishi na kupiga kura popote nchini. Mwenyeji aliyepoteza shamba bila fidia, hata hivyo, hawezi kulaumiwa kwa kuliona jambo hilo kwa jicho jingine.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 121,662 Lamu Magharibi, jimbo lenye Mpeketoni na mji wa Amu, na 22,258 tu Lamu Mashariki. Anayetaka ugavana hana budi kuunganisha kura za visiwani na za bara: Issa Timamy alishinda 2013 akiwa na Eric Mugo kama mgombea mwenza, na 2022 akiwa na Raphael Munyua. Muungano wa 2013 haukuzuia damu. Juni 2014 zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji jirani. Wapiganaji wa kundi la Al-Shabaab la Somalia walidai kuhusika, huku Rais Uhuru Kenyatta akiwalaumu wanasiasa wa ndani.

Wabajuni waliokimbia Somalia baada ya serikali yake kuanguka 1991 wako upande mwingine kabisa. Wana jamaa huku, lakini mkimbizi hapigi kura. Hata wazaliwa wa Kenya, kwa kuwa kaunti iko mpakani, walipekuliwa nasaba kabla ya kupewa kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kufutwa kwa upekuzi huo. Cheti cha kuzaliwa bado kinatakiwa, na aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga huanza safari yake kwa chifu.