Tairi la Inchi 26 Lilivyoachwa na Soko

Mwaka 1933, biashara ya baiskeli katika Marekani ilipokuwa imedorora kwa dhiki ya uchumi, kampuni ya Schwinn ya Chicago ilitoa baiskeli yenye tairi nene la inchi 26, lililostahimili mashimo ya njiani. Miaka zaidi ya 40 baadaye, vijana wa Marin County, California, walizitwaa baiskeli hizo zilizochakaa wakazipandisha mlima Tamalpais, ili wateremke nazo kwa kasi. Na katika mashindano yao ya kuteremka yaitwayo Repack, yaliyoanza mwaka 1976, breki ya kitovu cha nyuma ilipata joto hata grisi ikatoa moshi, ikalazimu kitovu kifunguliwe na kupakwa grisi upya. Joe Breeze, mmoja wao, alipounda fremu yake mwaka 1977 alifuata kipimo kile kile, maadamu rimu na matairi yake yalipatikana kwa urahisi.

Kipimo hicho kilitamalaki miongo mitatu hivi, kisha yakaja magurudumu ya inchi 29 na 27.5, na viwanda vikakipa kisogo, ilhali rimu za zamani zingali nzima. Nami naona hiyo ni dhuluma. Mwenye baiskeli ya kipimo hicho, asiyetaka kutumia fedha nyingi, na atafute tairi la ukingo wa waya, ambalo ni zito kidogo lakini ni nafuu kuliko lile la kukunjwa, na asome ubavuni nambari 559, yaani kipenyo cha mahali tairi linapokaa katika rimu, kwa milimita, kwani tairi la inchi 26 la baiskeli za kale za Kiingereza aghalabu ni la milimita 590, wala halikai katika rimu hiyo.